Kadi ya saa 30 na shimo la msingi Kadutu

Jambo zenu Bukavu! Jambo Kadutu, jambo Bagira, jambo Panzi, na wewe wa Muhungu unayetazama kwa mega za kuazima. Sitarefusha. Niko jikoni kwangu, Dayton, Ohio, saa nne usiku. Huko kwenu najua jogoo wa kwanza ameshawika. Watoto wamelala, ndiyo maana nasema chinichini.

Hii mnayoiona mkononi si kadi ya benki. Nimeikalia Jumamosi nne nzima. Inaitwa OSHA 30. OSHA ni ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini. Sheria iliyoizaa ilitiwa sahihi Desemba 1970, ofisi ikaanza kazi Aprili 1971. Kozi ndogo ni ya saa 10, kubwa ni ya saa 30, na mwalimu haruhusiwi kukufundisha zaidi ya saa 7 na nusu kwa siku. Kwa hiyo uwe na haraka ya namna gani, siku nne utazikaa tu.

Mimi nafanya kazi kiwandani, napakia maboksi. Lakini darasa la Jumamosi lililokuwa karibu lilikuwa la ujenzi, na kozi ya viwanda ilikuwa mbali na sina gari. Basi nikaingia ya ujenzi. Nilijiambia nitakaa nyuma, nitapata karatasi yangu, basi.

Jumamosi ya pili mwalimu akafika kwenye mashimo na mitaro.

Wale wa umri wangu wa Kadutu mtakumbuka. Nilikuwa na miaka 14. Baba ni fundi mwashi, mnamjua, na siku ile walikuwa wanakata mlima ili kuweka msingi wa nyumba, kama tunavyojenga wote pale, nyumba ya huyu juu ya bati la yule. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Udongo waliotoa waliurundika pembeni kabisa mwa shimo, maana kuupeleka mbali ni kazi ya bure. Ukuta ukashuka. Kijana aliyekuwa anabeba mawe akafukiwa mpaka kifuani. Kifuani tu! Kichwa na mikono vilikuwa nje, alikuwa anatuongelesha, hata alimwambia mama mmoja amletee maji. Sisi watoto tulishaanza kucheka, tukajua amepona. Wakati wanaume wanachimba kwa majembe na mikono, sauti yake ikawa ndogo, halafu ikanyamaza. Mtaani walisema moyo. Wengine wakasema maneno mengine, mnayajua, na jirani mmoja alihamishwa na maneno hayo.

Sasa mwalimu anasema hivi: mita moja ya mchemraba ya udongo inaweza kuzidi tani moja na nusu. Ukifukiwa mpaka kifuani, kila ukitoa pumzi kifua kinapungua, na udongo unajaza ile nafasi. Ukitaka kuvuta tena, kifua hakina pa kwenda. Unazibwa pumzi huku kichwa kiko nje na watu wanakuona.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mwalimu alidhani ni Kiingereza kimenishinda.

Na Kiingereza, acha niseme, kilitushinda kweli! Tulikuwa Waswahili sita mle ndani. Kulikuwa na mama mmoja wa Uvira, mtu mzima, anasafisha hoteli, ambaye Jumamosi ya kwanza alifunga daftari akasema, «Wanangu, mimi narudi kwa mashuka yangu.» Neno la Kiingereza la eshafodaji lilimtoa jasho. Nikamwambia, mama, hiyo ni ile miti ya kaliptusi mafundi wanapandia, si umeiona maisha yako yote? Akafungua daftari tena.

Tukafungua kundi la WhatsApp. Kila usiku mmoja wetu anasoma kurasa chache, anazieleza kwa sauti, kwa Kiswahili. Zamu ya mama wa Uvira ilikuwa ngazi. Nimeihifadhi sauti yake mpaka leo, unasikia sufuria zinagongana nyuma: «Ngazi ikipanda mita 4, mguu wake utoke mita 1 kwa ukuta. Na kichwa cha ngazi kipite pale unaposhukia kwa sentimita 90, upate pa kushika. Mmesikia, au nirudie?» Kwenye mtihani wa mwisho alinishinda alama. Mimi niliyesoma mpaka diploma!

Zamu zangu mbili nilizikosa kwa uvivu, nikisingizia watoto. Yeye ndiye aliyenipigia: «Binti, tunakungoja.» Basi msione kama mimi ndiye niliyewavuta wenzangu.

Kabla hamjaniandikia: hii kadi si leseni, na hakuna anayekupa kazi kwa sababu ya kadi tu. Walio hapa Marekani, anayewauzia kadi bila kuwaketisha darasani au kwenye kozi iliyoidhinishwa, mkimbieni. Na mlio Bukavu, kadi ya Marekani mtaifanyia nini? Kongo ina sheria yake ya kazi (Code du travail), ya tarehe 16 Oktoba 2002, na humo kuna mambo ya afya na usalama wa mfanyakazi. Anayetaka ufundi, INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, iko hapo hapo mjini, ni ya tangu 1964.

Lakini udongo hausomi sheria ya nchi yoyote. Huku, shimo likifika kina cha mita 1 na nusu, kuta zinakingwa kwa mbao au chuma, au zinakatwa zilale. Kuanzia mita 1 na sentimita 20 kunakuwa na ngazi karibu ya kutokea. Mbao najua ni pesa. Kulaza ukuta kunataka kiwanja, na Kadutu kiwanja kiko wapi? Ila lile la udongo uliochimbwa, kuusogeza usikae ukingoni, linataka jasho tu.

Jumapili nikampigia baba. Nikamweleza yote, kifua, pumzi, tani moja na nusu. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika.

«Huyo mwalimu wako,» akasema, «amesema udongo ukae mbali na shimo kiasi gani?»

«Sentimita 60, baba. Isipungue hapo.»

Nikasikia anamwita mdogo wangu amletee mita.