Upepo kwanza, kaboni baadaye

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, mambo vipi.

Nimeombwa nizungumzie baiskeli za matairi manene, hasa zenye fremu ya kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, maana wapo humu wanaotaka kuziagiza.

Asili yake ni theluji na mchanga. Alaska, miaka ya 1980, watu waliunganisha rimu mbili kuwa moja ili tairi litanuke lisizame kwenye theluji. New Mexico nako, Ray Molina akatengeneza rimu na matairi mapana ya kupitia mchangani. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Marekani ikatoa baiskeli iitwayo Pugsley, mtu wa kawaida naye akaweza kununua dukani.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo hela zinapopotea. Kinachokuvusha mchangani si fremu, ni upepo wa matairini. Tairi la inchi 4 ukilijaza likawa gumu kama la baiskeli ya muuza samaki, utazama tu. Punguza hadi PSI 6 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), hata 5 pakiwa laini sana. Ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia. Ukilikalia linatuna pembeni. Geji ya pale sheli ni ya magari, haikufai, tafuta inayosoma namba ndogo. Ukipanda njia za msituni Pugu ongeza hadi 10 hivi, la sivyo mzizi mmoja tu unagonga rimu. Kwa hiyo pampu usiiache nyumbani.

Na angalia maji. Ufukweni Kigamboni yakipwa, hasa wakati wa bamvua, unapata mchanga mbichi, mgumu, mpana. Yakijaa unabanwa juu kwenye mchanga mkavu, na hapo hata mwenye kaboni anashuka anasukuma.

Kaboni ni nyepesi na haishiki kutu, sawa. Cheni, spoki na bolti je? Tena paipu ya siti ya alumini ikikaa ndani ya fremu ya kaboni, chumvi ikipenya, alumini inalika na kung'ang'ania humo hadi fundi anyooshe mikono. Itoe mara kwa mara, ifute, ipake pesti ya kaboni, si grisi. Na fundi aliyezoea chuma asikaze bolti kwa kukisia. Ipo spana inayopima nguvu. Kaboni ikibanwa kupita kiasi inapasuka, na ufa wenyewe huenda usiuone.

Mimi ningechukua fremu ya alumini, chenji yote iende kwenye matairi. Haya, dada wa pale nyuma, uliza.