Malisho ya nchi kavu: tuanze na mtama

Ndugu wafugaji, asanteni kwa kufika. Leo tuzungumzie malisho ya mahali ambapo mvua haina ahadi.

Wengi wetu hupanda mahindi ya kukatia mifugo. Ni chakula kizuri, ila yakichanua bila mvua, ndevu hukauka na gunzi hubaki bila punje. Mtama una subira zaidi. Nendeni shambani jua la saa saba mlitazame jani lake: limejikunja kama mkeka. Pangusa bua, kidole kitatoka na nta nyeupe. Mmea umetulia, unangoja, na mvua ikirudi unaendelea kukua.

Lakini mtama una sumu. Hapa naomba mnisikilize sana, maana ng'ombe anaweza kufa ndani ya dakika chache. Mtama mchanga, na hasa machipukizi yanayoota mvua inaponyesha baada ya ukame, una kitu ambacho tumboni hugeuka sianidi, sumu kali inayoua haraka. Mfugaji anaona kijani, mifugo ina njaa, anafungua zizi. Ng'ombe anahema, anatetemeka, anaanguka. Kwa hiyo ngojeni mtama upite kiuno. Uliosinyaa kwa ukame msiulishe ukiwa mbichi. Na mnyama mwenye njaa apewe kwanza nyasi kavu. Mtama ulioanikwa ukakauka vizuri sumu yake hupungua sana, na hata ule wa sileji, yaani malisho mabichi yaliyoshindiliwa na kufunikwa bila hewa yakachachuka, iliyokaa wiki kadhaa.

Asiyetaka wasiwasi huo apande uwele. Hauna sianidi, na huvumilia udongo wa kichanga. Msiurundikie tu mbolea ya naitrojeni: wakati wa ukame naitreti, chumvi itokanayo na naitrojeni ambayo ikizidi ni sumu kwa mifugo, hujaa kwenye bua, na hiyo haiondoki kwa kuanikwa.

Kunde na fiwi zipandwe kati ya mistari, kwa ajili ya protini.

Nimeacha mwisho dungusi kakati lisilo na miiba, kwa sababu watu hulidharau. Mimi naliheshimu mno. Hufungua matundu yake madogo ya kupitishia hewa usiku, hewa ikiwa baridi, ndiyo maana halipotezi maji ovyo. Karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo mnyama anakula na kunywa papo hapo. Ila protini yake ni kidogo, na likiliwa peke yake huharisha. Likateni vipande vidogo, mchanganye na mabua makavu na majani ya kunde, ndipo mjaze hori.