Kofia ya Mtoto Mchanga: Kutoka Duka la Nyuzi hadi Mshono wa Mwisho

Karibuni, watazamaji. Leo tutafuma kofia ya mtoto mchanga, na tutaanzia dukani, kwa sababu kofia nyingi huharibika kabla fundi hajaanzisha kitanzi cha kwanza. Nimechagua kofia kwa kuwa kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake na hupoteza joto upesi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto avalishwe kofia mara anapozaliwa, na mama anayejifungulia Kabale, mji wa Uganda ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hahitaji kuelezwa baridi ya alfajiri ni kitu gani.

Hapa niko katikati ya Kampala, ndani ya duka dogo la nyuzi ambalo kuta zake zimejaa mabonge kuanzia sakafuni hadi darini. Macho yatakimbilia rangi, lakini wewe anza na lebo. Tafuta uzi wa unene wa kati, ambao lebo yake mara nyingi huandikwa herufi DK (double knitting), ikionyesha sindano ya milimita 4 na vitanzi 22 katika sentimita 10. Bonge moja la gramu 50 linatosha kofia hii na kubaki. Ukipanga kufuma na sweta la kuandamana nayo, nunua mabonge yote siku moja na uhakikishe kwamba namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, ni ileile kwenye kila lebo, kwa sababu nyeupe mbili zinazofanana chini ya taa ya duka huachana kabisa juani.

Wakati mwingine uzi huuzwa bila lebo. Hapo msalimie mwenye duka kwa heshima na umwambie, "Mama, naomba kipande kidogo nikakijaribu." Ukifika nyumbani, kishike kipande hicho kwa koleo juu ya kifuniko cha bati na ukiwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kwa vidole, ilhali akriliki, yaani uzi wa kiwandani usiotokana na mnyama wala mmea, huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Subiri lipoe kabla ya kuligusa. Nyuzi nyingi za madukani kwetu ni za akriliki, nami sioni ubaya wowote kwa kofia ya mtoto, kwani akriliki hufuliwa mara kwa mara bila kunywea. Kwa mtoto wa Gulu, ambako mchana ni wa joto, ningechagua pamba, nikikumbuka kwamba pamba ikishavutika hairudi vizuri kama sufu. Uzi wenye manyoya marefu uuache dukani, hata ukikupendeza namna gani, kwa sababu manyoya yake huingia puani na mdomoni mwa mtoto.

Sasa tuje kwenye sindano, na hapa nakuomba usikilize kwa makini. Baadhi ya sindano zimeandikwa milimita, na nyingine zina namba za zamani za Uingereza, ambazo hupungua kadiri sindano inavyonenepa. Sindano ya namba 8 ni milimita 4, ile ya namba 10 ni milimita 3.25, na ya namba 12 ni nyembamba zaidi, milimita 2.75. Mtu anayedhani kwamba namba 10 ni nene kuliko namba 8 atatoka na kofia ya kumvalisha mwanasesere. Chukua jozi ya namba 8, sindano butu yenye tundu kubwa ya kushonea, tepu ya kupimia na mkasi. Mimi nilijifunza kwa spoku mbili za baiskeli ambazo mjomba alizinoa kwenye jiwe, na kitambaa changu kilitoka kigumu kama mkeka, kwani spoku ni nyembamba mno kwa uzi wa unene huu.

Kabla ya kofia yenyewe, fuma kipande cha majaribio. Najua wengi mtataka kuruka sehemu hii, nami niliwahi kuiruka: kofia niliyomfumia mtoto wa dada yangu ilimshukia hadi puani, ikabidi nifumue kazi ya siku mbili huku mama mtu akiniangalia. Anzisha vitanzi 30, fuma safu moja ya vitanzi vya mbele (knit) na safu moja ya vitanzi vya nyuma (purl) kwa kupokezana, hadi kipande kifike sentimita 12. Kilaze mezani bila kukivuta, weka tepu katikati, mbali na kingo zinazojikunja, kisha hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Kila kitanzi kinaonekana kama herufi V ndogo, kwa hiyo pitisha ncha ya sindano juu ya kila V unapohesabu, na nusu ya kitanzi uihesabu pia.

Ukipata 22, mkono wako na sindano vinapatana. Ukipata 20, unafuma kwa kulegeza, na vitanzi 72 vya kofia vitakuwa mzingo wa sentimita 36 badala ya takriban 33 tunazozitaka. Rudia kwa sindano ya milimita 3.75. Ukipata 24, unakaza, na kofia itakuwa ya sentimita 30. Jaribu milimita 4.5. Usijilazimishe kulegeza au kukaza mkono, kwa maana mkono hurudia tabia yake mara unapoanza kuzungumza na mtu. Badilisha sindano. Kichwa cha mtoto mchanga aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake tumboni kina mzingo wa karibu sentimita 35, nasi tunaifanya kofia iwe ndogo kidogo ili imshike kwa kuvutika.

Tuanze. Acha mkia wa uzi wa mita moja na robo, kisha anzisha vitanzi 74. Vile viwili vya ziada vitaingia ndani ya mshono. Katika safu ya kwanza, fuma vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, ukirudia hivyo hadi vibaki viwili, ambavyo utavifuma mbele. Katika safu ya pili, anza na viwili vya nyuma, kisha viwili vya mbele na viwili vya nyuma hadi mwisho. Rudia safu hizo hadi ukingo ufike sentimita 3. Ukiutazama kwa karibu utaona mifereji imesimama wima, na ukiuvuta na kuuachia, unarudi wenyewe.

Kuanzia hapo, fuma safu moja mbele na moja nyuma mpaka kazi yote ifike sentimita 10, ukimalizia na safu ya nyuma.

Sasa tunapunguza ili kufunga utosi. Fuma kitanzi kimoja mbele, kisha fuma sita na uunganishe viwili kuwa kimoja, ukirudia mara tisa, halafu umalize kwa kitanzi kimoja. Vitabaki 65. Fuma safu ya nyuma bila kupunguza. Katika safu inayofuata ya mbele, fuma vitano kabla ya kuunganisha, na katika ile inayoifuata fuma vinne, ukiendelea hivyo, kila mara na safu tupu ya nyuma katikati, hadi unapounganisha viwiliviwili bila kitanzi kingine kati yake. Hesabu yako iwe 65, 56, 47, 38, 29, 20 na 11. Ikitofautiana, simama hapohapo na ufumue safu moja tu, kwa sababu kosa la safu ya pili likifika utosini litakulazimisha kufumua zote.

Kata uzi ukiacha sentimita 40, uupitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi 11 vilivyobaki, uvute mpaka tundu lifunge, kisha upitishe mara ya pili. Shona mgongo wa kofia upande wa nje ukikutazama, ukichukua kila mara ule uzi mwembamba uliolala kati ya kitanzi cha pembeni na kinachofuata, kulia kisha kushoto, na ukishavuta utaona mshono umezama usionekane. Usiongeze vifungo wala kamba za kidevuni.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anzisha vitanzi 66 na urudie mara nane badala ya tisa.

Ifue kofia kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uikamue ndani ya taulo, kisha uilaze kivulini ikauke. Kama ni ya akriliki, usiipige pasi, kwani moto huulaza uzi na ule mvutano wa ukingo haurudi tena.