Azimio Tunalolisoma Nusu

Bwana asifiwe. Najua baadhi yenu mmeshachoka na Lambeth yangu. Nivumilieni tena.

Mwaka 1998, kwenye Mkutano wa Lambeth, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipitisha azimio 1.10. Kila mchungaji hapa anajua pale panaposema matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Tunayanukuu maneno hayo redioni, tunayanukuu hata harusini. Sentensi hiyohiyo, baada ya mkato tu, inawataka Wakristo wawahudumie watu wote kichungaji na kwa upole, wawe wanavutiwa na nani, na walaani woga usio na msingi dhidi ya mashoga. Mkato! Nani kati yenu amewahi kuuvuka mimbarini?

Sasa twendeni Mukono, Uganda, Januari 2011. David Kato, mwalimu na mtetezi wa mashoga. Gazeti moja lilikuwa limetoa picha yake pamoja na wito wa kunyonga. Yeye na wenzake wakalishtaki, wakashinda. Wiki chache baadaye, tarehe 26, akapigwa nyundo nyumbani kwake, akafa.

Kuna ndugu ananiangalia, anataka kusema polisi walikana kwamba sababu ilikuwa harakati zake, na muuaji akafungwa miaka 30. Sawa kabisa. Mimi simzungumzii muuaji, namzungumzia mchungaji!

Maana mazishini mchungaji wetu, Mwanglikana, alishika kipaza sauti, jeneza liko mbele yake, wafiwa wamekaa, akaanza kuwakemea mashoga: hata wanyama wanajua dume na jike. Vurugu ikazuka, akanyang'anywa kipaza sauti. Wanakijiji wakakataa kuzika. Jamani, kwetu hata mwizi anazikwa! Jeneza wakalibeba rafiki zake. Aliyeomba kaburini ni askofu mstaafu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lilikuwa limeshamvua hadhi yake kwa sababu ya kuwasikiliza watu hawa.

"Kwa hiyo unahalalisha dhambi?" Swali hili huniandama kila mahali. Ndugu yangu, kwani wewe ukizika mlevi unahalalisha chang'aa? Ukimzika mla rushwa, tena kwa hotuba ndefu na viti vya mbele, unahalalisha nini? Na mkinitajia Sodoma, fungueni Ezekieli 16:49. Kiburi, kushiba, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Hapo sote tumo.

Haraka haraka sasa. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kwamba kuwa shoga si jinai. Miezi minne baadaye Museveni akatia saini sheria dhidi ya ushoga yenye adhabu ya kifo kwa makosa fulani, na viongozi wa kanisa wakashangilia. Nilitaka pia kugusa kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, ngono ya jinsia moja miaka 14 gerezani, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, maswali. Ila atakayeanza na Walawi 18, pale panapokataza mwanamume kulala na mwanamume, asifunge Biblia hapo. Atusomee na 19 yote, penye "umpende jirani yako", tuko tayari kuchelewa chai.