Chungu cha nyati: mhadhara kwa wapishi wanafunzi

Asanteni, kaeni. Mlioko mbele mmeshaanza kunusa. Wa nyuma subirini, harufu itawafikia. Chungu hiki nimekiinjika saa 12 asubuhi, sasa hivi ni saa 4 na robo, na sikifunui mpaka nimalize kusema. Mwenye njaa anisikilize.

Kwanza ya kisheria, niyapitie haraka. Miaka mingi nyamapori hapa Tanzania ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Unaletewa furushi usiku, huulizi limetoka wapi. Tangu zitoke kanuni za kuuza nyamapori za 2020, bucha yenye kibali inauza mchana kweupe, na risiti unapewa. Itunzeni hiyo risiti, maana nyama isiyo na karatasi mbele ya askari wa wanyamapori ni kesi. Mliotoka Kenya, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 na nyamapori haiuzwi, basi mkirudi tumieni mbuni wa kufugwa au beberu mzee. Mwendo wa chungu ni uleule. Anayeogopa kibudu amuulize muuza bucha kabla hajapimiwa. Na mnyama aliyekutwa amekufa porini haliwi, hata awe amenona vipi. Kimeta kina mbegu zinazohimili moto wa jiko.

Sasa niwaambie nilivyoaibika.

Nilipopata kazi ya kwanza, kambi moja ya wageni huko kusini, nililetewa paja la pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Mimi nikajiambia nyama ni nyama. Nikakatakata, nikamimina maji, nikachochea kuni mpaka kifuniko kikawa kinaruka. Baada ya saa mbili nyama bado ngumu, nikaongeza kuni. Saa ya tatu ikachambuka kama nyuzi za mkonge, na mdomoni kavu, utadhani unatafuna kamba. Mgeni mmoja alitafuna weee, mwisho akaitoa kwa adabu kwenye kitambaa. Mzee aliyekuwa mpishi mkuu akaja kutoka mapumzikoni. Sufuria hakuitazama. Alitazama moto, akaniuliza, "Kijana, ulikuwa unachemsha dengu?"

Nimelikumbuka swali hilo kila nilipowasha jiko tangu siku ile, kwa hiyo niwaeleze alichokuwa amekiona.

Nyama ya mnyama wa porini mara nyingi haifikishi asilimia 3 ya mafuta. Ng'ombe wa kunenepeshwa ana mafuta yaliyopenya katikati ya mnofu. Ukimkosea moto, mafuta yale yanakusitiri. Nyati hamsitiri mtu. Mnofu wenyewe, robo tatu yake ni maji, na joto likipita nyuzi 60 unajikunyata na kujikamua kama tambara linalokamuliwa. Moto ukizidi, na maji yanazidi kutoka, wala haijalishi kwamba umeuzamisha kwenye mchuzi. Watu wengi hawaamini hapo. Nyama inakauka ikiwa ndani ya maji.

Lakini mnyama huyo amekimbia na kupanda vilima maisha yake yote, kwa hiyo miguu yake imejaa kano na utando. Hivyo navyo vinataka joto la kupita nyuzi 70, tena kwa saa kadhaa, ndipo viyeyuke viwe ule utelezi unaonata midomoni ukinywa supu ya kongoro. Utelezi huo ndio unaoshika nafasi ya mafuta ambayo nyati hana. Basi ukienda buchani kwa ajili ya chungu, acha sarara, ule mnofu laini wa mgongoni. Sarara ichome haraka, ule. Omba muundi, bega, shingo, vile vipande ambavyo muuzaji anakupunguzia bei huku akikuonea huruma.

Humu ndani mna kilo 2 za muundi na bega, vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ukikata vidogo vidogo kama vya mishkaki vitakauka kabla kano hazijalainika. Jana usiku nilivipaka chumvi, vikalala kwenye maziwa ya mgando pamoja na tangawizi na kitunguu swaumu. Papai bichi? Najua mtauliza. Papai linalainisha juu juu tu, na ukilisahau usiku kucha unaamka na uji. Mimi silitumii.

Asubuhi nimevifuta vikavu, nimevikaanga vichache vichache kwenye mafuta ya mkia wa kondoo hadi vikawa na rangi ya kahawia iliyokolea. Ukijaza sufuria maji yanatoka, na hapo unachemsha, hukaangi. Mtaambiwa kukaanga kunafunga maji ndani ya nyama. Si kweli, kunaleta harufu na rangi, na hiyo inatosha kuwa sababu. Kisha vitunguu maji 4, nyanya 3, bizari nyembamba, pilipili manga, kijiti cha mdalasini, na vikombe 3 vya supu. Na nusu kongoro la ng'ombe, nililolichemsha jana. Kongoro ni ujanja wa yule mzee, naye hakunifundisha mpaka nilipomaliza mwaka mzima nikiosha masufuria yake.

Moto ni huu: sikio likiwa karibu na chungu usikie povu moja, kimya, halafu jingine. Ukisikia yanafuatana, toa kaa. Ilipofika saa 3 nikaongeza viazi na karoti, nikaziba mdomo kwa donge la unga wa ngano, nikapalia makaa machache juu ya kifuniko, kama mama zetu wa pwani wanavyopalia wali. Mwenye tanuri aweke nyuzi 150 na chombo chenye kifuniko kizito, atapata kitu kilekile. Mimi napenda makaa kwa sababu ya harufu, sina hoja nyingine.

Haya. Wewe mwenye shati la kijani, njoo unisaidie. Shika tambara, kifuniko bado cha moto. Tukung'ute majivu kwanza, pole pole, yasiingie. Sasa vunja huo unga.

Mnaona mchuzi ulivyong'aa? Samli sikutia hata kijiko. Ni mkia wa kondoo na kongoro. Leteni sahani, anzeni na wa nyuma maana wamesubiri zaidi. Muundi ukateni kwa kijiko. Visu viacheni hapo hapo mezani.