Jinsi ya kuongea na mtu mpaka akuelewe, si kukwambia "sawa" tu

Assalaam aleikum, hamjambo nyote, karibuni tena. Leo nimekaa barazani huku Mji wa Kale, mkisikia pikipiki zinapita mtanisamehe. Video ya leo ni mawasiliano, yaani kuongea na mtu akakuelewa vile ulivyokusudia, na tutaenda hatua kwa hatua, ila kwanza niwape kisa kilichonifanya niwashe hii kamera.

Nyumbani tulikuwa na wageni wa posa, mie nikapewa kazi ya mahamri. Nikamwandikia mama mmoja wa ng'ambo ya Likoni, mpishi hodari wallahi, "mama naomba mahamri 200 alkhamisi saa 4". Akajibu "sawa mwanangu". Bas, nikaweka simu mfukoni, kazi nimemaliza. Alkhamisi saa nne asubuhi, hodi hodi, mama kashavuka feri na ndoo mbili zimefunikwa kanga, mahamri bado yana joto, na wageni wanakuja saa kumi jioni! Mie kichwani nilikuwa nasoma saa ya simu, nne ile ya alasiri, yeye akasoma saa ya Kiswahili kama mtu yeyote mwenye akili zake. Mpaka wageni wanafika, hamri ukiligonga mezani linaita.

Sasa hebu tafuteni kosa liko wapi. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosa adabu. Tulielewana vizuri sana, kila mtu kivyake.

Haya, hatua ya kwanza: jua unataka nini kabla hujafungua mdomo. Hii siikalii sana. Jiulize, nikimaliza kuongea nataka huyu mtu afanye nini? Ukishapata jibu usilikimbilie, anza na salamu. Kwetu huku ukimwendea mtu mzima ukamtupia shida yako bila shikamoo, masikio anayafunga hapo hapo, na hata ukiwa na la maana halitaingia.

Hatua ya pili, chagua njia. Yaani uongee naye uso kwa uso, umpigie, umtumie voisi ama umwandikie... ngojeni, mmesikia hiyo? Kle kle kle. Huyo ni muuza kahawa anagonga vikombe. Hajatamka neno hata moja na mtaa mzima umejua kahawa imefika. Hiyo ndio njia iliyochaguliwa vizuri, habari ni fupi, kila mtu anaijua, haina maswali. Lakini habari yenye saa, pesa, ama mtu aliyeudhika ndani yake, usiigonge vikombe. Piga simu ama nenda.

Na hapa niseme kitu kuhusu kanga. Kanga inaongea, sote twajua, jirani akipita mlangoni kwako mara tatu na jina lile lile la kanga una haki ya kujiuliza. Siku hizi kanga imekuwa stetasi ya WhatsApp. Mtu kaudhika na dadake, badala ya kumwendea anaweka fumbo, watu arubaini wanaliona, thelathini na tisa wanadhani ni wao, na dada mwenyewe hajafungua simu. Mie kanga nazipenda sana, kwa kijembe hazina mpinzani, lakini kwa kusuluhisha jambo hazifai sababu hazina njia ya kurudi. Mtu hawezi kukujibu akakuuliza "wamaanisha nini?"

Shikeni hilo neno, kurudi, sababu ndio video yote ilipo. Mwaka 1948 kulikuwa na mtaalamu Mmarekani anaitwa Claude Shannon, kwenye maabara za simu za Bell, akauchora mchoro ambao mpaka leo ukisomea mawasiliano utakutana nao: kuna anayetuma, kuna njia, kuna kelele njiani, kuna anayepokea. Mzuri sana, ila yeye alikuwa anashughulika na mitambo, akasema wazi kwamba maana ya ujumbe haihusiki na kazi yake. Yake ilikuwa ujumbe ufike ulivyo. Na ukiangalia mahamri yangu, ujumbe ulifika ulivyo! Herufi zote, namba zote, kelele hata kidogo hakuna. Kilichopotea ni maana, na maana mtandao haukubebei.

Hatua ya tatu, sikiza. Najua mmeshaambiwa mara elfu, lakini hamkuambiwa kwa nini ni ngumu. Mwaka 2009 watafiti walitoa matokeo ya kupima mazungumzo ya lugha 10 za sehemu tofauti za dunia, wakakuta mtu akimaliza kuongea mwenzake anajibu baada ya kama milisekunde 200, kupepesa jicho tu. Na ubongo kutayarisha hata neno moja unahitaji muda zaidi ya huo. Maana yake nini? Maana yake tunaanza kupika jibu wakati mwenzetu bado anaongea, binadamu wote, si wewe tu. Kwa hivyo mtu akimaliza, meza mate kwanza. Kweli, jaribuni. Hako kanafasi kadogo kanatosha kusikia lile neno la mwisho, na mara nyingi shida ya mtu imejificha kwenye neno la mwisho.

Kuhusu mwili, macho, mikono, nitapita haraka maana kuna watu wanawadanganya huko mitandaoni kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, maneno ni 7 tu. Hesabu hiyo ni ya Albert Mehrabian, majaribio ya mwaka 1967, na yalikuwa ya neno moja moja, kuona mtu anaamini nini pale sauti ama sura inapopingana na neno. Mwenyewe alishaeleza kuwa ni mambo ya hisia tu, si kila mazungumzo. Ingekuwa kweli ungeangalia drama za Kikorea bila maandishi ukaelewa kila kitu. Cha kuchukua hapo ni kimoja, mkeo akisema "hapana, sijakasirika" na mgongo amekugeuzia, amini mgongo.

Hatua ya nne ndio yenyewe: mwambie akurudishie. Usiulize "umeelewa?" sababu jibu lake ni "ndio" hata kama hajaelewa, nani atasema hajaelewa mbele ya watu? Na usikubali "sawa". Sawa ya kwetu inamaanisha nimekubali, nimekusikia, nimechoka na wewe, ama ondoka nina kazi.

Mnaona kama natia chumvi, lakini "sawa" imeshaua. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ukungu umetanda, ndege ya Kiholanzi imeshaanza kukimbia, inaambia mnara wa kuongozea ndege kwamba iko kwenye kuruka. Mnara ukajibu "OK", halafu ukaongeza kwamba subirini, tutawaita. Hayo ya mwisho yakaingiliana na sauti ya ndege nyingine redioni, kukawa na mluzi, kilichosikika vizuri ni ile "OK". Ikaendelea na mbio zake ikagonga ndege ya Kimarekani iliyokuwa bado kwenye njia ile ile ya kurukia. Watu 583 walikufa. Tangu hapo kanuni zikakazwa, rubani akipewa ruhusa lazima airudie yenyewe kwa maneno yake kamili, na mnara usikize kama kairudia sawasawa.

Sasa si umwambie mamako "rudia nilivyosema" kama mwalimu wa darasa la pili, utapigwa kofi. Jibebeshe kosa wewe. Sema "mama, mie huchanganya maneno, hebu nambie nimekuomba nini." Tufanye mubashara, nampigia yule mama wa mahamri, naweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, naomba tena mahamri 200, Alkhamisi, saa kumi jioni, alasiri ikishaadhiniwa. Na maana mie ndio niliyekosea siku ile, hebu nambie nimesema vipi."

"Umesema mia mbili, Alkhamisi, saa kumi jioni." Akanyamaza kidogo. "Lakini Alkhamisi hii ama ile ya wiki ijayo?"

Jamani. Sijui. Mamangu aliniambia Alkhamisi, nikamjibu sawa. Ngojeni nizime kamera nimpigie.