Malalamiko ya Koçi Bey: Kuitazama Upya Hoja ya Kudhoofika kwa Dola ya Uthmaniya

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu na ndugu wasikilizaji,

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Dola ya Uthmaniya ilifika kileleni chini ya Sultani Süleyman, na kwamba tangu alipofariki vitani huko Szigetvár, Hungaria, mwaka 1566 ilikuwa ikiteremka tu hadi usultani ulipofutwa mwaka 1922. Hesabu hiyo inatupa miaka 356 ya kuanguka, zaidi ya nusu ya umri wa dola yenyewe, na mgonjwa anayechukua muda wote huo kukata roho anastahili kuangaliwa na mganga mwingine.

Shahidi anayeitwa mara nyingi ni Koçi Bey, mtumishi wa kasri aliyemwandikia Sultani Murad IV waraka mnamo mwaka 1630. Alilalamika kwamba watu wasiostahili wamejipenyeza katika jeshi la majanisari, yaani askari wa miguu wa sultani wanaolipwa mshahara, kwamba askari wa mshahara wamezidi, na kwamba timari, yaani haki ya kukusanya kodi ya ardhi aliyopewa askari wa farasi badala ya mshahara, zimeangukia mikononi mwa vipenzi wa wakubwa. Wanahistoria wa baadaye, wa Ulaya na wa Uturuki, waliupokea waraka huo kama cheti cha hospitali.

Mimi naomba tuusome kama barua ya mlalamikaji mwingine yeyote, mwenye upande wake. Ni kweli kwamba majanisari waliokuwa wapatao 13,000 mwaka 1574 walipita 37,000 kufikia mwaka 1609. Lakini katikati ya miaka hiyo palikuwa na vita virefu dhidi ya Wahabsburg, ukoo uliotawala Austria, 1593 hadi 1606, ambamo mpanda farasi wa mkuki na upinde alikutana na askari wa miguu wenye bunduki. Dola ilihitaji bunduki nyingi zaidi. Wenye bunduki walitaka fedha taslimu. Na fedha taslimu haikutoka kwenye timari, bali kwenye kodi ambazo haki ya kuzikusanya ilikodishwa kwa wakusanyaji. Aliyepoteza timari alikuwa na haki ya kulia, ila hasara yake haikuwa lazima iwe hasara ya dola.

Tena malalamiko hayo hayakuanza na Koçi Bey. Lütfi Pasha, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1539 hadi 1541, aliandika risala ya kukemea rushwa wakati Süleyman mwenyewe yungali hai, na Koçi Bey naye anazitafuta mbegu za uharibifu katika utawala huohuo wa Süleyman. Ukiwafuata mashahidi hawa kukitafuta kilele, hukipati.

Jambo jingine ni malikane. Mwaka 1695 serikali ilianza kunadi haki ya kukusanya kodi kwa muda wote wa maisha ya mnunuzi, ambaye alilipa fungu kubwa mwanzoni na kiasi maalumu kila mwaka. Tuliambiwa kwamba hapo dola ilijiuza. Naona kinyume chake: familia kubwa za mikoani, ambazo zingeweza kuasi, sasa zilikuwa na mali ambayo uhalali wake ulitegemea Istanbul kuendelea kusimama. (Na kwa sisi wa pwani, tunaoambiwa kwamba karne hiyo ilikuwa ya machweo kwa dola zote za Kiislamu, tukumbuke kwamba Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1698.)

Sisemi kwamba Waothmani hawakushindwa. Vita na Urusi vya 1768 hadi 1774 vilikuwa msiba mkubwa, na mkataba wa Küçük Kaynarca uliitoa Crimea katika himaya ya sultani. Lakini jeshi lililoshindwa pale lilikuwa limekaa karibu miaka 30 bila vita upande wa Ulaya, tangu liliporejesha Belgrade mwaka 1739, ilhali Warusi walikuwa wametoka kupigana na Prussia katika Vita vya Miaka Saba. Kulieleza hilo hakutuhitaji kurudi karne mbili nyuma, kwenye hema alimofia Süleyman.